Orodha Kwanza, Jina Baadaye: Namna ya Kumchagua Mbunge Bukavu

Katikati ya Januari 2024, siku chache baada ya tume ya uchaguzi, CENI, kutangaza majina ya wabunge, mama mmoja anayeuza samaki wadogo wa sambaza katika soko la Kadutu alinisimamisha. "Yaya," aliniambia, "sisi wote hapa ku soko tulimupigia huyu wetu. Sasa namna gani anaingia yule mwenye kura kidogo?" Hakuwa na hasira, alitaka tu kuelezwa. Nikakaa kwenye kibao pembeni ya beseni lake, tukachukua sambaza zilizokauka tukazigawa mafungu mafungu, mpaka hesabu ikamkaa. Alipoelewa alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Kumbe mimi nilipigia muntu, na wao wakahesabu liste."

Maneno hayo ya mama ndiyo kiini cha makala hii. Wengi wetu katika komine za Ibanda, Kadutu na Bagira tunampigia kura mtu: jirani, mtu wa kanisa letu, mtoto wa kwetu. Sheria ya Kongo inaihesabu kura hiyo kwa njia nyingine. Asiyeijua njia hiyo anaweza kumsaidia kuingia bungeni mtu ambaye hajawahi kusikia hata sauti yake.

Najua kuna atakayeuliza: kwa nini kuandika habari za kura wakati huu? Tangu waasi wa AFC/M23 waingie Bukavu Februari 2025, watu wana mizigo mingine vichwani. Lakini wabunge waliochaguliwa Desemba 2023 bado wanabeba jina la mji huu, na muda wao kwa Katiba ni miaka 5. Maarifa ya kura hayajifunzwi wiki moja kabla ya kampeni, wakati muziki umeshajaa barabarani. Hujifunzwa sasa, kwa utulivu.

1. Linda kadi yako

Kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho ambacho wengi wetu tunacho. Kwenye uandikishaji wa 2023 kadi nyingi zilifutika maandishi, picha na jina vikapotea, hata CENI ikalazimika kutoa nakala mpya kwa maelfu ya watu. Basi fanya mambo matatu:

- Piga picha kadi yako pande zote mbili, uihifadhi kwa simu na kwa mtu unayemwamini.
- Andika nambari ya kadi na jina la kituo ulichoandikishwa katika daftari la nyumbani. Kadi ikifutika, nambari hiyo ndiyo itakayoonyesha kwamba jina lako liko kwenye orodha.
- Orodha za wapiga kura zinapobandikwa kwenye vituo, nenda ukajitafute mwenyewe. Jina likikosekana, lalamika siku hiyo hiyo. Asubuhi ya kura utakuwa umechelewa.

2. Jua kazi yake kabla ya kusikiliza ahadi zake

Mwaka 2023 mpiga kura wa Bukavu alikuwa na kura 4 kwa siku moja: Rais, mbunge wa taifa, mbunge wa jimbo, na kwa mara ya kwanza diwani wa komine. Kila mmoja ana kazi yake, na mgombea asiyejua yake atakuahidi ya mwenzake.

Taka za mtaa na mfereji wa avenyi yako ni mambo ya komine na ya mji. Gavana wa Kivu Kusini anachaguliwa na kusimamiwa na wabunge wa jimbo. Mbunge wa taifa yeye huenda Kinshasa kuungana na wenzake, viti 500 kwa jumla, kwa kazi ambazo Katiba imezitaja waziwazi: kupitisha sheria, na kuisimamia serikali pamoja na mashirika ya umma. Bajeti ya nchi nayo hupitishwa kama sheria.

Kwa hiyo anayesema "nikichaguliwa nitawajengea daraja" amekosea mlango. Mbunge hana mfuko wa kujenga daraja. Uwezo alio nao ni wa kumwita waziri aeleze kwa nini fedha za daraja ziliandikwa katika bajeti na daraja halionekani. Ana silaha zake, zimo katika ibara ya 138 ya Katiba: swali la mdomo au la maandishi, swali la mambo ya papo kwa papo, kumhoji waziri, tume ya uchunguzi, na kuwasikiliza wahusika ndani ya kamati. SNEL na REGIDESO ni mashirika ya umma, kwa hiyo umeme na maji yako viko ndani ya mamlaka yake ya kuuliza.

3. Soma orodha kabla ya kusoma jina

Hapa ndipo penye uzito, tusiharakishe. Turudi kwenye beseni la sambaza.

Chukua mfano wa eneo la uchaguzi lenye viti 5 na kura halali 100,000. Tuseme kila sambaza moja ni kura 1,000, kwa hiyo una sambaza 100. Zigawe kwa viti 5: kiti kimoja kina thamani ya sambaza 20.

Orodha nne zimeshindana. Orodha ya kwanza imepata sambaza 46, ya pili 27, ya tatu 15, ya nne 12. Toa mafungu kamili ya 20:

- Ya kwanza inapata viti 2, zinabaki sambaza 6.
- Ya pili inapata kiti 1, zinabaki 7.
- Ya tatu haina fungu kamili, zinabaki 15.
- Ya nne haina fungu kamili, zinabaki 12.

Viti 3 vimekwenda, 2 havijapata wenyewe. Sheria inasema viende kwa wenye masalio makubwa. Ya tatu ina 15, ya nne ina 12, basi kila moja inapata kiti kimoja. Mwisho wa hesabu: viti 2, 1, 1 na 1.

Sasa tazama ndani ya orodha. Katika orodha ya kwanza, mgombea wa juu alipata kura 18,000, wa pili 16,000, wa tatu 10,000, na wawili wa chini wakagawana zilizobaki. Viti ni 2 tu, hivyo huyu mwenye 10,000 anarudi nyumbani. Katika orodha ya nne, kura 12,000 zilitawanyika kati ya wagombea 5, na aliyeongoza alikuwa na 5,000. Huyo ndiye anayepanda ndege kwenda Kinshasa. Mwenye 10,000 amekosa, mwenye 5,000 amepata, na hakuna sambaza hata moja iliyoibwa. Hivyo ndivyo hesabu ilivyo.

Mama wa Kadutu aliposhika jambo hilo, swali lake la pili lilikuwa kali kuliko la kwanza: "Na kura zangu kwa yule aliyeshindwa, zilienda wapi?" Zilibaki kwenye orodha. Zilisaidia kutengeneza yale mafungu mawili, na waliofaidika ni wale wawili walio juu yake. Ndiyo maana nasema: kabla ya kumpenda mgombea, watazame walioandikwa pamoja naye. Kama katika orodha hiyo yumo mtu usiyetaka kumwona bungeni hata kidogo, ujue kura yako inaweza kuwa ndiyo ngazi yake.

Kuna mlango mwingine kabla ya huo, ule ambao wanasiasa wanauita seuil, yaani kizingiti. Tangu marekebisho ya sheria ya 2017, orodha inatakiwa kufikisha 1% ya kura za wabunge katika nchi nzima ndipo iingie kwenye mgawanyo wa viti. Chama kinaweza kujaza uwanja hapa Bukavu, lakini kama Kisangani, Mbuji-Mayi na Lubumbashi hakijulikani, kura zake zinaweza kuachwa nje ya hesabu. Baada ya uchaguzi wa 2023 ni orodha 44 tu zilizovuka kizingiti hicho nchini kote. Mgombea binafsi naye yuko katika hali ngumu mno, kwa kuwa hana wenzake wa kumkusanyia kura kwingine.

Mifumo haifanani hata kwa majirani. Nchini Burundi, nchi ndogo iliyo ng'ambo ya bonde la Ruzizi, mpiga kura huchagua orodha nzima iliyofungwa, na chama ndicho kilichopanga nani atangulie. Tarehe 5 Juni 2025 chama cha CNDD-FDD kilichukua viti vyote 100 vilivyopigiwa kura huko. Sisi orodha yetu iko wazi: kura moja inaisaidia orodha na papo hapo inampandisha mtu ndani yake. Una nguvu mbili katika kidole kimoja, na ni vizuri kuzitumia zote mbili ukijua.

4. Uliza jina la mbadala

Kila mgombea ubunge huandika wabadala wawili, suppléants. Wengi wetu hatuwaangalii, na hilo ni kosa kubwa. Mtu haruhusiwi kuwa waziri na mbunge kwa wakati mmoja. Akiitwa serikalini, mbadala wake anakaa kwenye kiti, na tangu Katiba irekebishwe Januari 2011 mwenye kiti anaweza kukirudia akitoka serikalini. Akifariki, mbadala pia ndiye anayeingia.

Kwa hiyo unachagua watu watatu. Kama mbadala ni mke, mtoto au mpwa ambaye hajawahi kusimama mbele ya watu kueleza lolote, mgombea amekwisha kukuambia anakionaje kiti hicho: ni mali ya nyumbani kwake. Mwulize hadharani: "Mheshimiwa, ukiteuliwa waziri, nani atatusemea? Mlete tumsikie."

5. Maswali ya kwenda nayo mkutanoni

Andika kwenye karatasi, nenda na wenzako wa likelemba au wa jumuiya, na kila mmoja aulize swali lake.

- *Katiba, ibara ya 175, inasema majimbo yatengewe 40% ya mapato ya taifa, na sehemu hiyo ibaki huko huko majimboni. Kwenye kikao cha bajeti utasimama wapi juu ya hilo?* Kikao cha bajeti huanza 15 Septemba na kuisha 15 Desemba. Asiyejua tarehe hizi bado hajajiandaa.
- *Umewahi kuwa mbunge? Ni swali gani ulilomwuliza waziri, na alijibu nini?* Aliyetumika miaka 5 lazima awe na jibu lenye tarehe.
- *Chama chako ni kipi, na kimo katika muungano upi?* Kumbuka, mbunge anayekihama chama chake kwa hiari wakati wa muhula hupoteza kiti, kwa ibara ya 110. Ukimchagua umechagua na nyumba yake ya siasa.
- *Wakati wa likizo za bunge utakaa wapi, na ripoti utatoa kwa nani?* Vikao vya kawaida ni viwili, Machi hadi Juni na Septemba hadi Desemba. Miezi iliyobaki ni ya kurudi kwa wapiga kura.
- *Fedha za kampeni hii zimetoka wapi?* Anayetumia kingi kuliko anachomiliki atakuwa na mtu wa kumlipa, na huyo hatakuwa wewe.

Swali la fedha linatufikisha kwenye kitenge, chumvi, sabuni na bia ya Primus. Sitamlaumu mama anayepokea kilo ya chumvi wakati watoto wamelala njaa. Ila ninamwomba akumbuke jambo moja la sheria: ibara ya 101 ya Katiba inasema mbunge anawakilisha taifa zima na hawezi kufungwa na maagizo ya waliomchagua. Hakuna njia ya kumwondoa katikati ya safari kwa sababu hakutimiza ahadi. Chumvi itaisha baada ya wiki 2, na yeye atakaa miaka 5.

6. Siku ya kura

Vituo hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 11 jioni. Ukiwa kwenye mstari saa 11 inapofika, una haki ya kupiga kura. Usikubali kufukuzwa.

Kariri nambari ya mgombea wako. Kwenye mashini ya kupigia kura picha ni ndogo, majina yanafanana, na wagombea ni wengi: 2023 nchi nzima ilikuwa na zaidi ya 25,000 kwa ubunge wa taifa peke yake. Iandike nambari kwenye kikaratasi, uifanyie mazoezi nyumbani kama unavyokariri nambari ya simu ya mtoto.

Mashini ikishatoa karatasi yako, isome kabla ya kuikunja. Angalia jina, nambari na picha, kisha itie kwenye sanduku kwa mkono wako mwenyewe. Asiyeona vizuri au asiyejua kusoma ana haki ya kusaidiwa na mpiga kura anayemchagua yeye. Ingia na mtu wako unayemwamini, usingoje msaidizi akutafute.

7. Jioni, usikimbilie nyumbani

Kura huweza kupotea kati ya saa 11 jioni na usiku wa manane, wakati wapiga kura wameshaondoka. Sheria inataka kura zihesabiwe palepale kwenye chumba cha kupigia, mbele ya mashahidi wa vyama, waangalizi na waandishi wa habari. Zikimalizika, PV, yaani taarifa rasmi ya hesabu, inatiwa sahihi, mashahidi wanapewa nakala, na fishi ya matokeo inabandikwa mbele ya chumba.

Ile karatasi mlangoni mwa darasa ni yako. Simama mbele yake na tochi, piga picha iliyo wazi, ionekane jina la kituo, nambari ya chumba, idadi ya waliopiga kura na sahihi za chini. Wekeni utaratibu: kila avenyi iwe na watu wawili wa kubaki, mmoja wa kusoma kwa sauti na mmoja wa kuandika. Mkiwa na picha za vyumba vyote vya shule moja, mnaweza kujumlisha na kulinganisha na kile kitakachotangazwa. Bila picha hizo mtakuwa na manung'uniko tu, na mahakama haihukumu kwa manung'uniko.

Usidhani jambo hili halina matokeo. Tarehe 5 Januari 2024 CENI ilifuta kura za wagombea 82 kwa sababu ya udanganyifu, kutoa hongo, kutisha watu na kumiliki mashini za kupigia kura kinyume cha sheria. Katika maeneo ya Masimanimba na Yakoma uchaguzi wote ulifutwa, ukarudiwa Desemba 2024. Ushahidi ukiwepo, mambo huweza kubadilika.

8. Baada ya kutangazwa

Kwa ubunge wa taifa, mgombea au chama kina siku 8 baada ya matokeo ya muda kupeleka mashitaka kwenye Mahakama ya Katiba. Siku 8 ni chache, na Kinshasa ni mbali. Kama mna picha za fishi, zifikisheni kwa mgombea wenu siku ya kwanza.

Halafu ianze kazi ya miaka 5. Ibara ya 27 ya Katiba inampa kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wenzake, haki ya kuiandikia mamlaka ya umma ombi, na mamlaka hiyo inatakiwa kujibu ndani ya miezi 3. Andikeni ukurasa mmoja: shida ni ipi, iko wapi, mnataka nini. Tieni sahihi, wekeni tarehe, bakini na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Mpeni mbunge nakala nyingine wiki moja kabla ya 15 Machi au 15 Septemba, ili aingie kikaoni na karatasi yenu mkononi. Miezi 3 ikipita bila jibu, mna swali la kumpa awaulize mawaziri.

Mei 1960, Wakongomani walipochagua bunge lao la kwanza, CEREA, chama kilichozaliwa hapa Bukavu mwaka 1958, kilipata viti 10 kati ya 137. Ilikuwa fahari kubwa kwa Kivu. Lakini siku ile hakuna mama hata mmoja aliyeruhusiwa kupiga kura. Waliopiga walikuwa wanaume peke yao. Mama wa sambaza ana leo kitu ambacho bibi yake alinyimwa. Sasa ameijua na hesabu yake, na ameshaanza kuwaeleza wenzake wa sokoni kwa kugawa sambaza juu ya meza. Nawe fanya vivyo hivyo: kaa na watu watano wa nyumbani au wa mtaa wako, uwaoneshe yale mafungu, kabla mgombea wa kwanza hajabandika picha yake ukutani.